Maji ya Wapitao: Saa Tatu Mjini Mombo

MSAFIRI atokaye Tanga kwenda Moshi huliacha joto la bahari na kuingia katika joto la aina nyingine. Mpaka Muheza bado ipo minazi na michungwa, na hewa ina unyevu. Akishapita Segera, ambako barabara yetu hukutana na ile itokayo Dar es Salaam, kisha akaiacha Korogwe nyuma yake, nchi hubadilika. Mkono wa kulia husimama milima ya Usambara, ya kijani kibichi, yenye mawingu vileleni. Mkono wa kushoto hulala bonde la mto Pangani, lenye mkonge, miiba na mibuyu iliyopukutika majani. Pepo za Bahari ya Hindi hutua mzigo wao wa mvua milimani, na tambarare iliyo nyuma ya milima hiyo hubakiwa na vumbi. Mkoa wetu hauna jangwa kama la Hijazi, lakini apitaye hapo mchana wa Februari huonja kidogo ladha yake.

Katika nchi hiyo kavu, chini kabisa ya mlima, ndipo ulipo mji wa Mombo.

Mombo na jirani zake ni miji iliyolelewa na njia. Kabla ya reli, misafara ilitoka Pangani na Tanga ikalifuata bonde hili kwenda Upare na Kilimanjaro. Mbele kidogo ya Mombo ipo Mazinde, ambako Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai, aliweka makao yake tambarare badala ya kukaa juu mlimani Vuga, ili awe karibu na misafara hiyo na kuitoza hongo. Kisha wakaja Wajerumani na reli yao. Ujenzi ulianza Tanga mwaka 1893, ukafika Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Leo ni zamu ya lami. Mabasi na malori hupita usiku na mchana, na hapo hapo ndipo inapochomoka njia ya kupanda Soni na Lushoto, ambayo kwayo hushuka kabichi, karoti na matunda ya nchi ya baridi. Basi likisimama tu, vijana hukimbilia madirishani na ndoo za mapeasi na maparachichi, wakinadi bei kwa sauti ya kushindana na injini.

Nimepita Mombo mara nyingi tangu nilipokuwa mwanafunzi wa chuo, na nakiri kwamba sikuwahi kuiona. Kwangu Mombo ilikuwa dirisha la basi, mfuko wa mapeasi, na vumbi la dakika kumi. Februari iliyopita Allah (S.W.) alipenda nikae hapo saa tatu.

Rejeta yachemka

Tulikuwa safarini kwenda Same, mimi, mke wangu, watoto wetu wawili na mama yangu mzazi. Mdogo wake mama, ambaye sisi humwita mama mdogo, alikuwa mgonjwa. Ndugu hawa wawili walikuwa hawajaonana kwa miaka minne, na simu iliyotufikia Jumatatu ilisema kwa maneno ya adabu kuwa anayetaka kumwona asichelewe. Shemeji yangu aliniazima gari lake dogo. Tukaondoka baada ya chai, tukiwa na matumaini ya kufika alasiri.

Tulipoipita Korogwe mshale wa joto ulianza kupanda. Tulipoingia Mombo mvuke ulikuwa ukitoka chini ya boneti kama sufuria iliyofunuliwa. Fundi mmoja aliyekuwa chini ya mti alikuja, akatazama, akatikisa kichwa: mpira wa rejeta ulikuwa umepasuka, na wa gari la aina ile haukuwapo pale. Angemtuma kijana wa bodaboda Korogwe. "Saa mbili, ustadhi, labda tatu, inshaallah." Ilikuwa saa saba kasoro robo. Jua lilikuwa utosini.

Mama yangu amevuka miaka sabini na ana maradhi ya sukari. Mwenye maradhi hayo hawezi kuisubirisha haja yake kama afanyavyo kijana. Mgahawa wa kwanza tuliouendea ulikuwa na choo, lakini ni cha wateja. Nikasema tutanunua soda. Wakasema maji yamekatika, kwa hiyo kimefungwa. Mgahawa wa pili, mwenye ufunguo alikuwa ametoka. Mama hakulalamika. Aliushika mkono wa mke wangu na kutembea hatua fupi fupi, macho yakiwa chini, na mimi mwanawe niliyemsomeshea watu darsa za kuwatendea wema wazazi nilikuwa nikitangulia mbele yake bila ya kujua niendako.

Ndipo tulipouona msikiti, nyuma ya safu ya maduka. Ni msikiti mdogo wa matofali, wenye bati lililofifia na baraza fupi. Mlango wa uzio ulikuwa wazi. Mzee mmoja alikuwa akifagia. Kabla sijamaliza salamu alikwishautazama mwendo wa mama na kuelewa.

"Karibuni, wageni wa Mwenyezi Mungu. Kinamama wapite huku, mlango wao ni huu. Maji yapo."

Aliweka ufagio, akachota ndoo kutoka katika pipa, akaibeba mwenyewe mpaka penye mlango wa kinamama, akaitua, akageuka na kwenda zake bila ya kutazama nyuma. Basi. Jambo zima halikuchukua dakika mbili. Mama alipotoka alikuwa ametawadha, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyerudishiwa heshima yake.

Swala ya msafiri

Jamaa ya Adhuhuri ilikuwa imekwisha. Mke wangu na mama waliingia sehemu yao, chumba chembamba kilichotengwa kwa pazia, chenye mkeka safi na madirisha mawili. Mimi na kijana wangu wa miaka tisa tulisimama mbele. Kibla ya Mombo inaelekea kaskazini, kwa hiyo mwenye kuswali pale huelekea milimani, upande wa Lushoto.

Tuliswali Adhuhuri rakaa mbili, kisha tukasimama na kuswali Alasiri rakaa mbili. Tulipotoa salamu kijana aliuliza kwa mshangao, "Baba, mbona Alasiri saa hizi? Na mbona fupi?" Nikaona kuwa nimewafundisha watoto wa watu mlango huu madrasani, wa kwangu sikumfundisha. Kwa manufaa ya familia nyingine zinazosafiri na watoto, nitaueleza kwa ufupi.

Allah (S.W.) ametaja ruhusa ya kupunguza swala katika Suratun Nisaa, na Mtume (S.A.W.) aliifanya katika safari zake. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo wengi wetu wa pwani tunayafuata, safari inayoruhusu jambo hili ni ya marhala mbili, ambazo hukadiriwa kuwa zaidi kidogo ya kilomita 80. Na Same kutoka Tanga ni mbali zaidi ya hapo. Zinazopunguzwa ni zile swala za rakaa nne tu. Magharibi na Alfajiri hubaki kama zilivyo. Adhuhuri huweza kukusanywa na Alasiri, na Magharibi na Isha. Anayekusanya katika wakati wa swala ya kwanza aanze na hiyo ya kwanza, anuie kukusanya akiwa bado ndani yake, wala asiziachanishe kwa muda mrefu. Na kama tungeliwahi jamaa na kumfuata imamu mkazi, ingelitulazimu kutimiza rakaa nne pamoja naye.

Nilimweleza kijana kuwa hii ni zawadi ya Mola kwa aliyechoka. Akafikiri kidogo, akasema, "Kama babu yule alivyotupa maji." Sikuwa na la kuongeza.

Mlango usio na kufuli

Tulikaa barazani kumsubiri kijana wa bodaboda. Mzee alitukaribisha kwa mapeasi yaliyokatwa kwenye sahani. Nilimuuliza maji anayapata wapi, maana mji mzima ulikuwa ukilalamika. Alisema bomba lilikuwa halijatoa tangu juzi. Yale ya mapipa yalikuwa yamenunuliwa asubuhi kwa wenye mikokoteni, dumu kwa dumu.

"Na hamfungi?"

"Tukifunga, shekhe, wanaopita watakwenda wapi?"

Nilimuuliza kuhusu wezi, kwani hilo ndilo swali ambalo katibu wa msikiti yeyote angeliuliza. Alicheka. Mabomba yao yameibwa mara tatu. Baada ya mara ya tatu waliacha kuweka ya chuma, ambayo wezi huyauza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, wakaweka ya plastiki yasiyo na soko. Gharama ya maji ni ya wafanyabiashara wa pale stendi: kila kundi lina siku yake, leo wauza matunda, kesho madereva wa bodaboda, keshokutwa mafundi. Wasio Waislamu nao huchangia, kwa sababu wao pia hutumia. Usafi wa upande wa kinamama unashughulikiwa na kinamama wenyewe kwa zamu.

"Mji huu unakula kwa wanaopita," alisema. "Si vibaya wanaopita nao wakapata kitu."

Mama, aliyekuwa nyuma yangu akivuta tasbihi, alinigeukia. "Mwanangu, na ule msikiti wenu pale karibu na kituo cha magari, mtu kama mimi akija saa hizi?"

"Unakuwa umefungwa, mama."

"Haya," alisema, akarudi kwenye tasbihi yake.

Sasa ni lazima niseme jambo ambalo nisingependa kulisema gazetini. Miezi kadhaa kabla ya safari hii, kamati yetu ilikutana kuhusu mabomba yaliyoibwa, ankara ya maji iliyopanda na vyoo vilivyoachwa vichafu na wapita njia. Hoja zote zilikuwa za kweli. Tuliamua kwamba mahali pa kutawadhia na vyoo vifunguliwe nyakati za swala tu. Mimi ndiye niliyeandika muhtasari, na mimi ndiye niliyeandika tangazo, kwa mwandiko mzuri, na kulipigilia misumari mlangoni: kwamba huduma zile ni za wenye kuswali tu, na hufungwa baada ya swala.

Siku moja baada ya Adhuhuri nilikuwa ofisini nikipanga mafaili. Mwanamke mmoja alisimama langoni, mtoto mgongoni, begi mkononi. Aliomba maji na mahali pa kujisitiri. Ufunguo ulikuwa juu ya meza yangu. Nilimwambia, "Subiri Alasiri, dada, tutafungua." Alisema, "Ahsante, ustadhi," akaondoka. Sikumfikiria tena mpaka siku ile pale Mombo, nilipouona mwendo wa mama yangu ukiwa mfupi kama wake.

Kilichoniuma si kukosa elimu. Hadithi ninaijua. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.) kwamba miongoni mwa watu ambao Allah hatawatazama Siku ya Kiyama ni mtu aliyekuwa na maji ya ziada njiani akamnyima msafiri. Aya ninaijua pia: msafiri aliyekatikiwa ametajwa katika Suratul Baqara miongoni mwa wanaostahiki kupewa mali, na katika Suratut Tawba ni mmoja wa makundi manane ya zaka. Na Suratul Maun, ambayo watoto wetu huihifadhi wakiwa wadogo kabisa, imewataja pamoja wenye kughafilika na swala zao na wenye kuzuia msaada mdogo. Tangazo langu lilikuwa limeitaja swala ili kuzuia maji.

Njia na maji

Umma huu umeijua haki ya njia tangu zamani. Zubayda, mke wa Khalifa Harun ar-Rashid, alitumia mali yake kuchimba visima na mabwawa katika njia ya mahujaji itokayo Kufa kwenda Makka, jangwa kwa jangwa, mpaka njia yenyewe ikaitwa kwa jina lake. Wengi wa waliokunywa maji yale hakuwajua, wala wao hawakumwona.

Wala hatuna haja ya kwenda Iraki kutafuta mfano. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alipita pwani yetu akielekea Kilwa, akalala Mombasa usiku mmoja tu. Miongoni mwa machache aliyoyaandika kuhusu mji ule ni misikiti yake ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na visima vilivyokuwa milangoni mwa misikiti hiyo, na chombo cha mti chenye mpini cha kuchotea maji, na jinsi kila aingiaye alivyoosha miguu yake kwanza. Mgeni wa usiku mmoja alikumbuka maji ya mlangoni. Misikiti ya kale ya pwani hii ilijengwa na birika lake, na wazee wetu hawakulihesabu kuwa nyongeza.

Na bonde lile la Mombo lenyewe limewahi kujaribu njia zote mbili. Mazinde ya Semboja ilimtazama mpitaji ikaona hongo. Yule mzee wa msikiti alimtazama mpitaji akaona mgeni wa Mwenyezi Mungu. Barabara ni ile ile.

Kurudi Tanga

Mpira wa rejeta ulifika saa tisa na nusu. Fundi aliufunga, mzee akatuletea dumu la maji ya kujazia rejeta, na akakataa kulipwa. Kulikuwa na kisanduku ukutani. Tulitia humo tulichojaaliwa, na mke wangu na binti yetu wakaingia kupiga deki sehemu ya kinamama kabla hatujaondoka. Tulifika Same jua likizama. Mama na mdogo wake walilala kitanda kimoja usiku ule, na tuliwasikia wakizungumza mpaka karibu na alfajiri. Mama mdogo alirejea kwa Mola wake wiki tano baadaye. Allah amrehemu na ailaze roho yake mahali pema. Ndugu yake alikuwa amemwona.

Niliporudi niliomba suala la mlango liwekwe katika ajenda. Sitawaficha wasomaji kuwa kikao kilikuwa kirefu. Mweka hazina alikuja na ankara mkononi, na alikuwa na haki. Mzee mmoja aliuliza nani atasafisha. Niliwasimulia habari ya mama, nikawasimulia na ya yule mwanamke wa langoni, na hiyo ya pili ilikuwa ngumu zaidi kuitamka mbele ya imamu wangu. Hatimaye tulikubaliana kufungua tangu Alfajiri hadi Isha kwa majaribio ya miezi mitatu. Kinamama walijitolea zamu ya usafi. Madereva wa kituoni, ambao hatukuwahi kuwauliza, walikubali kuchangia maji siku mbili za wiki. Nililibandua tangazo kwa mkono wangu.

Wiki ya pili bomba moja liliibwa, kwa kuwa tulichelewa kununua ya plastiki. Mweka hazina aliniangalia, nami nikanyamaza. Ankara imepanda. Lakini miezi mitatu imekwisha na hakuna aliyesimama kikaoni kutaka tufunge tena.

Kwa kamati wenzetu, hasa za misikiti iliyo karibu na barabara kuu na vituo vya magari, kuanzia Muheza, Segera, Korogwe hadi Same, nina maombi matatu. Kwanza, mfikirieni mwanamke msafiri: awe na mlango wake, choo chake na maji yake, asilazimike kupita mbele ya wanaume. Pili, kabla ya kununua kufuli, jaribuni mabomba yasiyo na soko, na muwaombe wanaofanya biashara jirani wachangie. Tatu, ikibidi kufunga, basi ufunguo uwe kwa mtu aliyepo, na jina lake liandikwe mlangoni.

Kwa familia zinazosafiri, msikiti uliowapokea msiuache kama mlivyoukuta; uacheni bora. Watieni watoto wenu sarafu mkononi wazitie wao wenyewe kisandukuni, na mwenye nguvu ashike ufagio. Wafundisheni swala ya safari kabla ya safari.

Yule mwanamke mwenye begi sijui alikotokea wala alikokwenda. Kama ni msomaji wa gazeti hili, namwomba anisamehe. Dua ya msafiri ni katika dua zisizorudishwa, nami nataraji kwamba siku ile hakuniombea shari.

Ewe Mola, zifanye nyumba zako kuwa kimbilio la waja wako, wakazi na wapitao, na utujaalie tusiwe katika wenye kuzuia kidogo ulichowapa. Amin.